Mafuta, Siki na Ukoko wa Mbatata

Miongoni mwa maswali ambayo wanavyuoni wa dini na wa falsafa wameyagombania karne baada ya karne pasipo kupatana, liko moja ambalo mpishi hulijibu kila siku kwa mikono yake ijapokuwa hakuna aliyemwuliza, nalo ni hili: je, moto ndio uchomao, au moto huwapo tu mahali ambapo kuchoma kumekwisha kuamriwa? Likisemwa barazani baada ya kahawa, swali hili hufanana na mchezo wa watu wenye wakati wa kupoteza. Walakini likipelekwa jikoni, mbele ya kikaango chenye mafuta ya moto na bakuli la mbatata zilizokwaruzwa, hupata uzito wake mara moja, kwa kuwa jikoni aliyekosea katika mambo ya sababu na matokeo hulala na njaa, au hula chakula cha kumwaibisha mbele ya wageni.

Kikaango nilichokusudia si cha kwetu. Sisi tunazo mbatata zetu, na mtu wa Mombasa aliyezoea viazi karai, au wa Unguja aliyelelewa kwa katlesi, hana haja ya kufunzwa na mtu wa mbali ladha ya kiazi kilichokutana na mafuta. Nimekusudia jiko la Wayahudi ambao wazee wao walikaa Poland, Lithuania, Ukraine na Urusi, na ambao kila mwaka, katika siku za baridi, hukaanga vikate vya mbatata viitwavyo latke katika sikukuu ya Hanukka. Na sababu ya kulichagua jiko hilo ni kwamba sikukuu yenyewe ni ukumbusho wa muujiza, na muujiza huo ni wa mafuta, hata mpishi anayesimama mbele ya kikaango usiku ule husimama, atake asitake, katikati ya lile swali.

Kisa chao kwa mukhtasari ni hiki. Mfalme Antioko wa Nne, aliyetawala Shamu, alilitia najisi Hekalu la Yerusalemu na kuwakataza Wayahudi ibada yao; Yuda Makabayo na ndugu zake wakaasi, wakapigana, na katika mwaka 164 kabla ya Kristo wakalitwaa Hekalu, wakalitakasa, wakaliweka wakfu upya siku ya 25 ya mwezi wa Kislev. Kitabu cha kwanza cha Makabayo kinasimulia vita, utakaso na furaha ya siku nane, wala hakisemi lolote juu ya mafuta; ni Talmudi ya Babeli, iliyokusanywa karne nyingi baadaye, inayoeleza kwamba walioingia Hekaluni walikuta chupa moja tu ya mafuta ya zeituni yenye muhuri wa Kuhani Mkuu, iliyotosha kuwasha taa siku moja, nayo ikawaka siku nane. Mwenye kutaka kubishana juu ya tarehe na mapokezi anao uwanja mpana. Mimi siuingii, kwa kuwa swali langu linasimama hata kwa mtu asiyekisadiki kisa.

Mbatata hazikuwamo katika kisa hicho, wala hazingeweza kuwamo, maana asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, zikaletwa Hispania katika karne ya 16, na hazikuenea mashambani mwa Ulaya ya mashariki ila katika karne ya 18 na ya 19. Kabla ya hapo Wayahudi walikaanga vikate vya jibini au vya unga. Na zaidi ya hayo, katika nchi zile za barafu mafuta ya zeituni yalikuwa adimu na ghali, na siagi haikuweza kuliwa pamoja na nyama kwa mujibu wa sheria yao, basi maskini alikaangia shahamu ya bata bukini; ikawa sikukuu ya mafuta ya zeituni ya Yerusalemu inasherehekewa kwa kiazi cha Andes kilichokaangwa katika shahamu ya ndege. Wako wanaolicheka jambo hilo. Mimi naliona ni adabu ya kweli ya dini ya watu wa majumbani, ambayo haingoji mpaka vitu vyote vipatikane, bali huchukua kilichopo ikakitia maana.

Sasa tumtazame mpishi. Huanza kwa kuchagua mbatata zenye wanga mwingi, zile ambazo zikichemshwa huvurugika, wala si zile za nyama inayoshikamana; huzimenya, akazikwaruza pamoja na kitunguu kwenye bati lenye matundu makali, na mara nyingine akakwaruza na ngozi ya kidole chake; na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa kuwa mbatata ni kitu ambacho karibu sehemu nne katika tano za uzito wake ni maji, na maji ndiyo adui wa ukoko. Maadamu maji yamo katika uso wa mbatata, joto la uso huo haliwezi kupita sana digrii 100, ambapo maji huchemka yakawa mvuke, hata kama mafuta yanayouzunguka yamefika digrii 180. Na ile rangi ya dhahabu iliyoiva, pamoja na ile harufu inayowatoa watoto vyumbani mwao, hazijitokezi upesi ila joto likipanda kufikia kiasi cha 140. Kwa hiyo mpishi humimina zile nyuzi za mbatata katika kitambaa safi, akakisokota kwa nguvu zote za mikono miwili, maji ya rangi ya udongo yakachuruzika bakulini. Huyaacha yatulie dakika chache, kisha huyamwaga polepole, akaukuta chini ya bakuli utando mzito mweupe, ndio wanga uliojitenga, naye hautupi bali huurudisha katika mbatata pamoja na yai, chumvi, na unga kidogo au mkate usiotiwa chachu uliosagwa. Utando huo ndio utakaozishika nyuzi pamoja na kuzidisha ukavu wa ukoko. Na asiyejua siri hii huutupa pamoja na maji, akaongeza unga mwingi ili kuziba pengo, akala kitu kizito kisicho na jina.

Kisha mafuta. Yawe mengi ya kutosha kufika nusu ya unene wa kikate, yapashwe mpaka uzi mmoja wa mbatata ukitupwa ndani ulie papo hapo, na kikaango kisijazwe, kwa kuwa kila kikate kibichi kinachoingia huiba joto, na mafuta yakipoa mbatata huyanywa badala ya kukaushwa nayo. Ambapo mafuta yakiwa na moto wake, mvuke hutoka kwa kasi katika mbatata ukayazuia yasipenye. Baada ya hapo huja lile ambalo wengi hushindwa nalo, yaani kungoja. Upande unaopikwa ni ule usioonekana. Uso wa juu ni mweupe, umelowa, hauna habari yoyote ya kumpa mtu. Ukoko unafanyika chini, kati ya chuma na mbatata, na mwenye kuinua kila mara ili achungulie huurarua kabla haujashikamana. Mpishi mzoefu hachungulii. Husikiliza mlio wa mafuta, ambao mwanzo ni wa kelele kwa kuwa maji yanayotoka ni mengi, kisha hupungua, hutazama kingo zinavyogeuka kahawia, hunusa, na kwa dalili hizo huhukumu juu ya jambo la ghaibu, akageuza mara moja tu, na aghalabu hukumu yake huwa ya haki.

(Juu ya kitu cha kulia latke, kama ni maziwa mgando au tofaa zilizopikwa zikapondwa, nyumba zimegawanyika, wala sioni dalili ya suluhu. Wasomi nao hawakukaa nyuma: katika Chuo Kikuu cha Chicago, tangu mwaka 1946, maprofesa wa elimu mbalimbali husimama mbele ya watu wakashindana kwa hoja, kwa uzito wa kujifanya, kama latke ni bora kuliko hamantash, lile andazi la pembe tatu la sikukuu ya Purimu. Watu wanaoweza kuifanyia falsafa yao mzaha, aghalabu ndio walioielewa.)

Turudi kwenye chupa ya Hekaluni. Mwanasheria wao mkubwa Yosef Karo, aliyezaliwa mwaka 1488 na kufariki katika mji wa Safed mwaka 1575, aliuliza swali ambalo mtoto mwerevu angeweza kuliuliza: ikiwa mafuta yalitosha siku moja kwa kawaida yake, basi siku ya kwanza haikuwa na muujiza, nao muujiza ni wa siku saba, mbona sikukuu ni ya siku nane? Yeye mwenyewe alitoa majibu matatu: labda waliyagawa mafuta mafungu manane tangu usiku wa kwanza, na kila fungu dogo likawaka usiku kucha; au baada ya kuijaza taa, chupa ilibaki imejaa kama awali; au taa iliwaka usiku na asubuhi mafuta yakakutwa hayakupungua. Wanavyuoni waliomfuata wameongeza majibu mengine hata yakajaza vitabu. Mengi ni ya ustadi wa akili tu, ya kuonyesha wembe wa msemaji. Lakini liko moja ambalo linanipendeza kuliko yote, nalo ni la wale waliosema kwamba siku ya kwanza husherehekewa kwa sababu mafuta yaliwaka. Yaani kule kuwaka kwenyewe, kwa mafuta ya kawaida, katika taa ya kawaida, ni jambo la kustaajabiwa sawasawa na zile siku saba, nasi hatustaajabu kwa kuwa tumelizoea.

Jibu hilo lina mzizi katika habari ya kale zaidi. Talmudi inasimulia juu ya Hanina bin Dosa, mcha Mungu maskini wa Galilaya katika karne ya kwanza, kwamba jioni moja ya kuamkia Sabato alimwona binti yake amenuna, akamwuliza kilichomsibu. Binti akamwambia babake kwamba amebadilisha vyombo kwa kukosea, akatia siki katika taa ya Sabato mahali pa mafuta. Naye Hanina, pasipo kushtuka, akamjibu binti kwamba hakuna haja ya kuhuzunika, maana Yule aliyeyaamuru mafuta yawake ndiye atakayeiamuru siki nayo iwake. Ikawaka, wanasema, usiku ule na mchana wa kesho yake wote, mpaka wakatwaa katika taa hiyo moto wa kuagia Sabato.

Sasa, msomaji wa pwani aliyekaa hata miaka michache mbele ya wanavyuoni atayatambua maneno ya Hanina, kwa kuwa yamefanana na yale aliyoyapanga kwa hoja Imamu Ghazali wa Tus, miaka elfu moja hivi baadaye. Katika kitabu chake cha kuvunja hoja za wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alichokiandika Baghdad karibu na mwaka 1095, Ghazali alitwaa mfano wa pamba na moto. Pamba ikigusana na moto huungua. Hilo hakuna anayelikataa. Lakini jicho, anasema Imamu, limeona mambo mawili yakiandamana, moto kugusa na pamba kuungua, wala halikuona kifungo cha lazima kati yake; moto ni kitu kisicho uhai, hauna tendo lake wenyewe; mtendaji ni Mwenyezi Mungu, naye ameweka ada ya kuumba kuungua panapokuwapo moto, na akitaka huiacha ada hiyo, kama alivyoiacha siku ile Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni akatoka salama. Wapinzani wakamwambia: ikiwa ni hivyo, mtu aliyeacha kitabu nyumbani hana hakika kwamba kurudi kwake hatakuta kimegeuka kijana au farasi. Akawajibu kwamba Mungu, pamoja na kuwa mwenye uwezo wa yote hayo, ameumba ndani yetu ujuzi kwamba hayafanyi. Tena, kwa kuwa hakuwa mtu wa njia moja, aliongeza kwamba hata ukikubali moto una tabia yake, yawezekana liwepo jambo lisilojulikana linaloizuia tabia hiyo, kama mtu aliyejipaka talki akakaa tanurini asiungue.

Ibn Rushd wa Kordoba, aliyezaliwa mwaka 1126 na kufa 1198, hakuvumilia. Katika jawabu lake, Tahafut al-Tahafut, alisema kwamba akili si kitu kingine ila kuvijua vitu pamoja na sababu zake, na mwenye kuziondoa sababu ameiondoa akili yenyewe, wala hana tena njia ya kusema kwamba anajua lolote, hata hilo analolisema. Na mwenzake wa mji huohuo, Myahudi Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha kuwaongoza waliotatizika, akawashambulia humo wanakalamu, yaani wanavyuoni wa ilmu ya itikadi, waliodai kwamba mtu akiisogeza kalamu, Mungu huumba mambo mbalimbali kila nukta, kutaka kwake, uwezo wake, kusogea kwa mkono, kusogea kwa kalamu, bila hata moja kuwa sababu ya jingine. Hivyo Myahudi wa Galilaya amekuwa upande mmoja na Imamu wa Khurasani, na Myahudi wa Kordoba upande mmoja na Kadhi wa Kordoba. Jambo la kuwafikirisha wale wanaodhani kwamba mipaka ya fikira hufuata mipaka ya dini.

Nami kati ya makundi hayo mawili nina la kusema, nalo limenijia kwa kutazama kikaango. Jikoni, Ibn Rushd ndiye mwenye haki. Yule mpishi aliyehukumu juu ya upande usioonekana hakufunuliwa kwa njia ya karama. Amejua ya chini kwa ya juu kwa kuwa maji, mafuta na moto vina mwenendo, na mwenendo huo haubadiliki kwa kumpendelea mtu. Ondoa mwenendo huo, na mlio wa mafuta hauna habari, rangi ya kingo haina ushuhuda, na kikate hugeuzwa kwa kubahatisha. Waangalie Wayahudi wenyewe: katika usiku wa kusherehekea muujiza, hakuna mama hata mmoja anayetia siki kikaangoni akingoja iamriwe, wala anayeacha kukamua mbatata kwa kutegemea fadhili za siku. Wanavyuoni wao walikwisha kukataza mtu kujiweka mahali pa kutegemea miujiza. Na kwa upande wa matumizi, hapana sikukuu iliyo mbali na chupa ile kuliko hii: Hekaluni mafuta ya siku moja yalikwenda siku nane, na jikoni mafuta ya siku nane humalizika jioni moja.

Lakini Ibn Rushd akishinda jikoni, hajashinda mahali pote. Hebu tuulize mpishi amefanya nini hasa. Amechagua, amekwaruza, amekamua, amepasha, amengoja, amegeuza. Katika vitendo vyote hivyo hakuna hata kimoja ambacho ndicho ukoko. Ukoko umetokea. Yeye ameondoa vizuizi, akavikutanisha vilivyopasa kukutana, akasubiri. Na mwanafunzi wa elimu ya vitu akiniambia kwamba mambo yaliyo ndani ya protini za mbatata yamekutana na sukari yake katika joto, kama Mfaransa Louis-Camille Maillard alivyoanza kueleza mwaka 1912, nitamshukuru kwa kuwa amenisogeza hatua moja, kisha nitamwuliza kwa nini hayo yakikutana hufanya hivyo. Naye atanisogeza hatua nyingine, na nyingine, mpaka tutafika mahali ambapo ataniambia kwamba ndivyo ilivyo. Hapo ndipo alipokuwa amekaa Ghazali tangu mwanzo, akitungoja. David Hume wa Uskochi, ambaye hakuwa na dini ya kumsumbua, alifika pahali papo hapo katika karne ya 18, akasema kwamba kifungo cha sababu na tokeo hatukioni katika vitu bali tumekizoea sisi; na yafaa kukumbukwa kwamba mtu huyohuyo, alipochoka na vitabu, alimwandikia rafiki yake mwaka 1769 akijisifia ustadi wa kupika, na kwamba amekusudia kuutumia umri wake uliobaki katika elimu hiyo. Huyo aliyeitilia shaka sababu, supu yake ya kichwa cha kondoo aliiweka motoni kama watu wote.

Basi ninakataa jambo ambalo pande zote mbili hulichukua kuwa limekubaliwa, ya kuwa muujiza ni kitu kikubwa na kawaida ni kitu kidogo. Mtu wa dini hupenda muujiza, kwa kuwa hapo, anadhani, mkono wa Mungu umeonekana. Mtu wa elimu ya kisasa hupenda kawaida, kwa kuwa hapo, anadhani, mkono huo hauhitajiki. Na wote wawili wamekubaliana pasipo kujua kwamba mafuta yakiwaka hakuna ajabu. Mimi nasema kinyume. Chupa iliyowaka siku nane haikuwaka tena, na vizazi vyote vilivyokuja baadaye vimeishi kwa mafuta yanayowaka kwa kiasi chake na kuzimika kwa kiasi chake. Hiyo ndiyo iliyowapikia, ikawaangazia, ikawapasha moto wakati wa barafu. Hata muujiza hauwezi kutambulikana bila kawaida kuutangulia: kama mafuta yasingekuwa na desturi ya kwisha, nani angejua kwamba hayakwisha? Na siki ya Hanina, ilipowaka, haikufanya jambo jipya ulimwenguni. Ilifanya lile ambalo mafuta hulifanya kila jioni katika nyumba ya kila mlevi na kila mwizi, pasipo mtu kusimulia.

Dini zenyewe, ukizitazama katika matendo yake ya kila siku wala si katika hadithi za kuwasisimua watoto, zinaonekana kulijua hilo. Myahudi huisoma baraka ya kushukuru miujiza hasa katika Hanukka na Purimu. Ile ya kushukuru chakula huisoma kila anapokula, mwaka mzima. Mwislamu hali tonge pasipo jina la Mungu, wala hanyanyuki pasipo kumshukuru, na tonge hilo halikushuka kutoka mbinguni, lilitoka chunguni. Shukurani iliyo nyingi kuliko zote imewekwa mahali pa kawaida.

Najua lililo gumu katika maneno haya, wala si haki kulipita. Ule mwenendo usiobadilika unaoleta ukoko ndio huohuo unaomwunguza mtoto aliyevuta mpini wa kikaango. Na mafuta yakishika moto, aliyeyamwagia maji kwa hofu, hata awe mcha Mungu namna gani, atauona moto ukirukia dari, kwa sababu maji hugeuka mvuke chini ya mafuta ukayarusha. Je, na hilo nalo ni la kushukuriwa? Nimewasikia watu wakijibu upesi kwamba kila moto una hekima yake, na kila ninapousikia upesi huo huwa nautilia shaka. La kusema ni dogo zaidi: moto ambao ungemwepuka kila mwema na kumchoma kila mbaya usingeweza kupika, kwa kuwa hakuna mpishi anayejua hesabu ya mema yake na mabaya yake kiasi cha kukisia dakika za kungoja. Kuaminika kwa moto na ukatili wa moto ni jambo moja. Hoja hiyo yaweza kumtuliza mwenye kufikiri akiwa mbali. Kwa aliyeungua haina kazi, naye hahitaji hoja bali maji safi baridi juu ya jeraha, na kupelekwa kwa mganga. Anayemkalia kitandani akimfasiria kudura amekosa adabu ya dini na adabu ya falsafa kwa pamoja.

Limebaki neno moja kwa walimu wetu. Mtoto wa pwani huenda skuli asubuhi, akafundishwa kwamba joto huyatoa maji na kuigeuza rangi ya mbatata. Jioni huenda chuoni, akafundishwa kwamba hakuna linalotokea ila kwa amri ya Mola. Na kwa kuwa hakuna mmoja kati ya walimu wake wawili anayemtaja mwenzake isipokuwa kwa kejeli, mtoto hukua akidhani kwamba lazima amsaliti mmoja. Wengine husaliti hesabu, wakawa watu wa kungoja karama katika mambo yanayotaka jasho. Wengine husaliti sala, wakadhani kwamba kulijua jina la kitu ni kukimaliza. Nawaomba walimu hao, wa skuli na wa chuo, wasomeshe Tahafut zote mbili, ya Ghazali na ya Ibn Rushd, hata kama ni kwa kurasa chache zilizofasiriwa kwa lugha nyepesi, na wazisome pamoja mbele ya watoto hao hao, kila mmoja akishika kitabu kisichokuwa cha upande wake.